Utafiti wa maji kijijini: jinsi ya kupata takwimu zitakazojibiwa mkutanoni

Anayesimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kusema "maji ni shida" hupigiwa makofi, kisha ajenda inaendelea. Tuseme badala yake anasema kaya 43 kati ya 100 jana zilitumia zaidi ya dakika 30 kuchota maji: kwenda, foleni na kurudi. Hapo mtendaji ana kitu cha kujibu. Hizo dakika 30 ndizo WHO na UNICEF wanazotumia kupima huduma ya msingi ya maji, kwa hiyo hata mhandisi wa wilaya anazielewa.

Kwanza amua unataka uamuzi gani ubadilike: saa za kufungua kituo cha kuchotea, bei ya ndoo, au mahali pa kuchimba kisima. Swali lisilogusa uamuzi huo litoe. Maswali 12 yanatosha. Yakifika 40, watu huanza kujibu ili uondoke.

Peleka barua kwa mtendaji wa kijiji, omba na daftari la wakazi. Usiliamini moja kwa moja. Waliohama bado wamo na wapangaji wapya hawamo. Zunguka na mwenyekiti wa kila kitongoji, orodhesha kaya upya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, si nyumba: nyumba moja ya kupangisha inaweza kuwa na kaya tano, na ukiihesabu moja umewapunguza wapangaji, ambao mara nyingi ndio wanaonunua maji kwa bei kubwa.

Kaya zikiwa 400 na unataka kuhoji 100, gawanya, unapata 4. Andika 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, chagua kimoja bila kuangalia. Ukipata 3, unaanza na kaya ya 3, kisha ya 7, ya 11, hadi mwisho wa orodha. Mwenyekiti kazi yake imeishia kwenye orodha. Akikuchagulia nyumba atakupeleka kwa jamaa zake, na akikaa kando ya msailiwa hakuna atakayelalamikia kamati ya maji.

Ukikuta mlango umefungwa, usihamie kwa jirani. Rudi mara mbili, saa tofauti, moja iwe jioni. Anayekosekana mchana yuko shambani au kwenye kibarua, na maji yake si sawa na ya mama aliyebaki nyumbani. Kosa la kuhamia kwa jirani huharibu utafiti bila kuonekana, kwa sababu fomu zote 100 zitaonekana zimejaa vizuri.

Mwulize anayechota, si lazima mkuu wa kaya. Baba atakwambia dakika kumi kwa maji ambayo hajawahi kuyafuata.

Maswali yaulize jambo lililotokea, kwa muda mfupi. "Je, unaridhika na huduma mbovu ya maji?" tayari limeshajijibu. Uliza: "Jana mlichota ndoo ngapi za lita 20? Mlichota wapi? Aliyekwenda mara ya mwisho alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi?" Tofauti ya saa hizo mbili ihesabu mwenyewe. Jaribu fomu kwa kaya 10 zisizo kwenye sampuli, yaani zile 100 ulizozichagua. Swali linalokulazimu kulifafanua liandike upya. Kabla ya kuanza, mweleze mtu kwamba anaweza kukataa, na kwamba hakuna msaada utakaogawiwa. Usipolisema hilo, kila kaya itajionyesha maskini zaidi ya ilivyo.

"Hajui" na "amekataa" vipe namba tofauti, 98 na 99, na usiache nafasi wazi: baadaye hutajua kama swali lilirukwa. Jioni pitia fomu zote. Kesho yake mtu mwingine arudi kwenye kaya moja kati ya kila kumi na kurudia maswali mawili. Fomu zilizojazwa chini ya mwembe hugundulika hapo.

Ukisoma matokeo, kumbuka ni sampuli. Kwa kaya 100 kati ya 400, asilimia 43 inaweza kupanda au kushuka kwa kama 8: ukirudia utafiti mara 20, kama mara 19 jibu la kijiji kizima litakuwa ndani ya nafasi hiyo. Mwakani ukipata 47, usitangaze kwamba hali imeharibika. Kugawanya kwa vitongoji ni hatari zaidi: chenye kaya 12 kwenye sampuli usikipe asilimia, sema "kaya 7 kati ya 12".

Mkutanoni peleka ukurasa mmoja, bila majina. Angalia kalenda pia: mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri huwa imepita miezi kadhaa kabla, hivyo takwimu za Mei zimechelewa. Mtendaji ndiye katibu wa mkutano. Mwombe aandike kwenye muhtasari takwimu yenyewe, jibu lililotolewa, nani atalitekeleza na lini, kisha uombe nakala.