Jinsi ya kutafuta na kupanga ndugu zetu wenye seli moja, ukiwa hapa Nairobi

Wale tulisoma bio sekondari tulifunzwa kila kitu cha seli moja chenye kiini (nucleus) kinaingia Protoktista, chora ameba, chora paramesia, basi. Shida ni hilo boksi limechanganya watu hawahusiani kabisa. Ndani yake kuna viumbe wako karibu na wewe kushinda walivyo karibu na ameba, wanaitwa koanoflajeleti, na unaeza kuwatafuta kwa chupa ya jam.

Maji ya mfereji achana nayo, yana klorini. Mimi huchukua kwa kidimbwi cha samaki cha rafiki yangu Kasarani, pale pembeni kwenye majani yameoza (vaa glavu, maji yametulia yanaeza kuwa na kichocho). Jaza nusu chupa, weka punje mbili za mchele uliochemshwa, mchele utalisha bakteria na bakteria ndio chakula cha hawa tunatafuta. Halafu ning'iniza kwa uzi kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi kiingie ndani ya maji, uache siku nne ama tano, kwa sababu wengi wao hupenda kujishikiza mahali na kikonyo, na hapo utatoa kioo wakiwa wameshakaa juu yake.

Hadubini iwe inafika mara 400. Wako karibu saizi ya seli nyekundu ya damu, wengine wadogo zaidi, kwa hivyo funga kidogo kile kidirisha cha mwanga chini ya steji, ukiacha mwanga mwingi hutaona kitu.

Sasa kupanga. Swali la kwanza kabisa ni mkia uko wapi anapoogelea. Yuglena mkia uko mbele unamvuta, lakini akiwa na mkia mmoja nyuma unamsukuma, kama mbegu ya kiume, hapo changamka. Mkia wa nyuma ni alama ya kundi la Opisthokonta, ambalo lina wanyama na pia fangasi, ndio maana uyoga uko karibu na wewe kuliko ulivyo karibu na sukuma wiki.

Swali la pili, kuna kola? Koanoflajeleti ana duara la vinyweleo vyembamba sana limezunguka mkia, mkia ukipiga maji yanavutwa na bakteria wananasa kwa kola. Mwaka 1866 Mmarekani Henry James-Clark aliona seli za sponji wa baharini zina kola kama hiyo hiyo, na sponji ni mnyama! Mimi hiyo ndio hunishika moyo kila mara nikiangalia.

Ndugu zetu wengine wa seli moja hawana kola na kwa chupa yako usiwategemee. Filasterea wana nyuzi kama mikono, na mmoja wao, Capsaspora, alipatikana ndani ya konokono wa aina inayobeba kichocho Amerika. Ikthiosporea wengi huishi ndani ya wanyama, hasa samaki. Hao macho hayatoshi, wanapangwa kwa DNA. Na DNA ndio ilitikisa watu 2008, jenomu (yaani DNA yote) ya koanoflajeleti Monosiga brevicollis ilisomwa ikakutwa na jeni kama 9,200, kati yake zile za kadherini, protini ambazo kwa mwili wako hushikanisha seli na seli, na huyu anaishi peke yake! Kwa hivyo vifaa vya kujenga mwili vilikuwepo kabla ya miili yenyewe. Lakini usiseme tumetoka kwake, huyu ni binamu, babu wetu wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita.

Ukibahatika utapata kikundi kama ua, seli zimeshikana katikati na mikia yote inaangalia nje. Kwa aina inaitwa Salpingoeca rosetta, hilo ua hutokea seli moja ikigawanyika bila kuachana, na kinachoiamsha ni kemikali ya bakteria fulani. Ukiliona usisogeze slaidi, weka kamera ya simu kwa jicho la hadubini upige video, na maji yakianza kukauka dondosha tone moja pembeni ya kioo, litaingia lenyewe.