Somo: Kusoma mkataba wa mazingira na kuona sayansi imekaa wapi (mfano wa jongoo bahari)

Kamati ya uvuvi ya shehia hapa Zanzibar ikikaa na kuzungumzia jongoo bahari, yule mnyama laini wa sakafu ya bahari anayekaushwa na kuuzwa nje, hakosi mtu wa kusema "hilo ni la mkataba wa dunia, hatuna letu." Mjadala unakufa hapo hapo. Mimi nasema tunalo. Mikataba hii ina sehemu ambazo wanasheria wameuliza swali wakaacha jibu kwa wataalamu wa ikolojia, na jibu lenyewe hutoka kwenye miamba tunayovua. Natumia CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya mwituni.

Hatua ya 1: Jua ni jongoo yupi. Mkataba hutaja spishi kwa jina la kisayansi. Mkutano wa Geneva wa Agosti 2019 uliwaingiza watatu katika orodha ya mkataba: *Holothuria fuscogilva* (pauni mweupe), *Holothuria nobilis* (pauni mweusi) na ndugu yao mmoja ambaye ni zaidi wa Pasifiki. Mwaka 2022 wakafuata akina spinyo mama (jenasi *Thelenota*). Jongoo mchanga hakuwamo katika uamuzi wa 2019, ingawa Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilikwishamtaja kuwa yumo hatarini kutoweka. Msichanganye: Orodha Nyekundu ni tathmini ya wanasayansi na haimfungi mtu, viambatisho vya CITES, yaani orodha zake tatu za spishi, ni sheria.

Hatua ya 2: Tazama kiambatisho. Cha kwanza hufunga biashara ya nje karibu yote. Humo wamo kasa, ng'amba na kima punju wetu wa msitu wa Jozani. Cha pili huruhusu kwa kibali. Humo wamo mapauni, na hata popo wa Pemba. Cha tatu tukiache leo.

Hatua ya 3: Soma Ibara ya 4, polepole. Hapa ndipo penye nyama. Inasema kibali cha kusafirisha nje mnyama wa kiambatisho cha pili kisitolewe mpaka mamlaka ya kisayansi ya nchi iseme kwamba usafirishaji huo hautadhuru uhai wa spishi. Fungu la 3 linaongeza: spishi ibaki, katika eneo lake lote, kwa kiwango kinacholingana na kazi yake katika mfumo wa ikolojia. Maneno hayo yaliandikwa Washington mwaka 1973. Kiwango hicho ni jongoo wangapi? Ibara haitaji tarakimu hata moja.

Tarakimu inatoka kwa jongoo mwenyewe. Dume na jike hawapandani. Kila mmoja humwaga chake majini, mbegu na mayai yakutane huko huko. Wakitawanyika mno, mkondo huzichukua mbegu kabla hazijafika kwenye yai. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa na majongoo bado, mzamiaji akawaona kwa macho yake, na uzazi umekwisha simama. Kuuliza "wapo au hawapo?" hakutoshi. La kuuliza ni wako wangapi kwa hekta na wamekaribianaje. Na ile "kazi yake" si pambo la wanadiplomasia: jongoo humeza mchanga, hula uozo uliomo, akautoa umesafika.

Hatua ya 4: Uliza takwimu zimetoka wapi. Kilo za jongoo mkavu bandarini hudanganya. Uzito unaweza kubaki ule ule kwa sababu wazamiaji wamehamia kina kirefu zaidi, siyo kwa sababu jongoo wapo. Daftari la kamati likiandika spishi, mahali, kina, muda wa kuzamia na idadi, bamvua baada ya bamvua, lina thamani kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Hatua ya 5: Tenga sayansi na kura. Vigezo vya kuingiza spishi ni vya kibaiolojia, lakini uamuzi hupitishwa na theluthi mbili ya nchi zinazopiga kura, na kila nchi ina maslahi yake. Pendekezo la mapauni lililetwa na Kenya na Shelisheli pamoja na Senegali, Marekani na Umoja wa Ulaya. Likapita, likaanza kutumika 28 Agosti 2020, baada ya nchi kupewa miezi 12 ya kujitayarisha.

Maswali ya wanachama

Mvuvi wa Kojani: Mwalimu, bara walizuia jongoo miaka ya 2000, sisi tukaendelea kuvua. Mkataba mmoja vipi?

Jibu: Mwanachama ni Tanzania, ilijiunga 1979, na mambo ya nje ni ya Muungano. Uvuvi wa pwani yetu una sheria ya Zanzibar. Lakini mabuu ya jongoo huelea na mkondo siku nyingi na hayajui mpaka, ndiyo maana ibara ikasema "katika eneo lake lote".

Bi Mwanaidi: Mwanangu, sisi akina mama wa mwani tukifuga jongoo mchanga, CITES inatuhusu?

Jibu: Shikamoo bi. Kwa uamuzi ule wa 2019, hapana. Ila angalieni vifaranga vinatoka wapi. Vya kutotolewa, kama vya kituo cha Beit-el-Ras, havipunguzi waliopo. Mkiwaokota wadogo baharini mkawatia uzioni, bado mnavua.

Kijana wa Mkoani: Kama hawana idadi kamili, si wangoje mpaka wajue ndipo wazuie?

Jibu: Soma tena Ibara ya 4, kaka. Kibali ndicho kinachongoja ushauri. Kutojua hakumpi msafirishaji ruhusa.

Mvuvi wa Kojani: La mwisho. Ng'amba akinasa wavuni akaliwa kijijini, hilo ni kosa la CITES?

Jibu: Siyo la CITES. Hapo kuna sheria ya uvuvi ya Zanzibar, nayo inamlinda. Gamba lake likipakiwa kwenda nje ya nchi, hapo CITES imeingia.