Namna ya kupanga ruzuku ya malezi ya watoto wadogo

Anza na gharama halisi ya nafasi ya mtoto mmoja, si na ada unayotamani wazazi walipe. Mishahara ndiyo hula sehemu kubwa. Mlezi mmoja kwa wachanga 4 ni ghali kuliko mmoja kwa watoto 10 wa miaka minne, kwa hiyo ruzuku ya kiwango kimoja itafanya vituo viwakwepe wachanga. Weka viwango kwa umri.

Ada ya mzazi ipande taratibu kadiri kipato kinavyopanda. Ukikata ruzuku ghafla kwenye kikomo, nyongeza ndogo ya mshahara itamtia mzazi hasara, naye ataikataa.

Wengi hukwama hapa: wanashusha ada bila kuongeza nafasi. Quebec, nchini Kanada, ilianza mwaka 1997 kwa dola 5 kwa siku, na orodha za wanaosubiri zikarefuka. Tenga fedha za majengo na mafunzo ya walezi kabla ya kutangaza bei mpya.

Lipa vituo kwa watoto walioandikishwa, si kwa mahudhurio. Mtoto akiugua, mshahara wa mlezi haupungui. Tena lipa mwanzoni mwa mwezi. Kituo kidogo hakina akiba ya kuisubiri hazina.