Kuendesha kambi ya familia Naivasha bila kurukwa na akili

Kama una shamba kando ya Ziwa Naivasha na umekaa ukaangalia yale magari yanapita Moi South Lake Road kila Ijumaa jioni ukajiambia na mimi nafungua kambi, karibu, kazi ni nzuri na pesa ipo. Lakini usidhani unafungua biashara ya hema. Hema ni kitu kidogo sana. Unafungua biashara ya choo, kelele, stima na kiboko, na wateja ni familia za Nairobi zilizokaa kwa jam tangu Rironi, watoto wametapika mara moja hivi, baba ana njaa, na mama ndiye aliyebuki hii safari kwa hivyo kitu chochote kikienda mrama yeye ndo anaangaliwa.

Kuna kanuni moja ntarudia mpaka uchoke: kila jambo lisemwe kabla hema halijasimama. Mtu akiwa kwa simu anauliza bei anakubali kila kitu, hata ukimwambia asije na jogoo atasema sawa boss hakuna shida. Akishafika, akashusha kreti, akashusha spika, akagonga kigingi cha mwisho, hapo ushampoteza, sasa ni kwake na wewe ni jirani msumbufu.

Kwa hivyo andika meseji moja na uitume kwa kila mtu kabla hajalipa. Kitu kama hii:

"Habari, karibuni sana. Kuingia ni saa sita mchana, kutoka ni saa tano asubuhi. Usiku ni baridi kweli, leteni sweta na soksi za watoto. Blanketi na godoro tunakodisha, tuambieni mapema. Muziki mwisho saa nne usiku. Kuni tunauza, msikate matawi. Chakula kisiachwe kwa hema, tumbili wako. Kiboko wanatoka ziwani usiku, hakuna kuvuka waya hata kama ni picha. Nusu ya pesa inalipwa leo."

Watajibu "sawa" bila kusoma. Hiyo ni kawaida. Ndo maana wakifika usiwasomee wazazi, wasomee watoto. Waite hapo kwa geti, chuchumaa, waambie hivi, hapa kuna kiboko, akitoka majini usiku anakula nyasi pale, sasa kazi yenu ni kuhakikisha hakuna mtu mkubwa anavuka ule waya. Mtoto wa miaka minane ukimpa hiyo kazi ni bora kuliko askari wawili, baba yake akiinuka tu na simu kuenda kupiga picha saa mbili usiku utasikia "Daddy! Umeambiwa nini!"

Tuanze na choo sababu hapo ndo kambi nyingi hufia. Mgeni anaweza kusamehe mvua, anaweza kusamehe hema linalovuja, choo hasamehi. Anarudi Nairobi anaambia dada yake na kikundi chote cha kanisa. Saa moja asubuhi Jumapili familia kumi zinaamka pamoja, kila moja na mtoto anayeruka ruka akishika suruali, na ukiwa na vyoo viwili hapo utajua hujui. Ongeza. Weka taa ya sola nje na ndani, mtoto akiona giza haingii, atafanya nyuma ya hema ya jirani halafu kesi inaletwa kwako. Weka misumari ya kutundika nguo, jameni, hii kitu ni shilingi ngapi, mtu anaoga na taulo ameiuma kwa meno. Na kama maji yako yanachemshwa na tangi la kuni, andika kwa ubao saa za maji ya moto, usiseme "yapo tu", sababu yule wa mwisho kuoga atakuja kukutafuta akiwa na povu kichwani.

Halafu mahali pa kuchimba. Kila mtu anataka choo karibu na mandhari. Usijaribu. Hili ziwa linapanda na kushuka, maji yanaingia kupitia mito kama Malewa na Gilgil na juu ya ardhi hakuna mto unaoyatoa, sasa mvua ikizidi miaka mfululizo yanakuja kukutembelea. 2020 yaliingia mpaka kwa nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na kambi za kando ya ziwa zikabaki na migunga imesimama ndani ya maji. Septiki yako ikifikiwa na maji ya ziwa hiyo si hasara yako peke yako, kuna watu wanavua samaki hapo. Choo, jikoni na tangi vikae juu kwenye mwinuko. Huko chini weka vitu vya kubebeka tu, meza, viti, banda la makuti. Na mtu akikuuzia kipande akikwambia "hii ni mstari wa kwanza kabisa," muulize 2020 kilikuwa wapi.

Baridi nayo. Mtu wa Nairobi amechomwa na jua la saa saba hapa, anaona Naivasha ni kama Mombasa, anakuja na kaptula na shuka moja. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti usiku inashuka chini ya digrii 10 bila kukuuliza. Saa nane usiku utasikia mtu anakohoa kohoa nje ya mlango wako, "samahani mzee, hamna blanketi hata moja?" Kuwa nazo nyingi kuliko unavyodhani. Kodisha kwa bei ya haki, usimkamue mtu mwenye mtoto anatetemeka.

Hapa sasa sina utani: jiko la makaa lisiingie kwa hema. Hata dakika tano, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Ule moshi unaouona si ndo mbaya, mbaya ni hewa ya sumu inayotoka kwa makaa, haina rangi wala harufu, inaua familia nzima ikiwa usingizini. Watu wanajua lakini baridi ikishika wanajidanganya wataacha zipu wazi kidogo. Kwetu askari wa usiku anapita saa tano anakusanya majiko yote, anayaweka kwa banda la jikoni, na hatubishani. Atakayenuna anune.

Kiboko sasa. Yeye mchana hana maneno, amelala majini anapiga miayo mnampiga picha. Giza likiingia anatoka kula nyasi, anaweza kumaliza kilo 40 usiku mmoja, na zile nyasi tamu fupi umenyunyizia maji na kufyeka vizuri kwa ajili ya watoto kucheza mpira ndo kwake hoteli. Uzuri ni kwamba na ule mwili wote si mtu wa kuruka vizuizi, kwa hivyo waya wa stima wa chini, wa magotini hivi, unamzuia vizuri kuliko ukuta. Lakini waya unataka kuangaliwa. Nyasi ikikua ikagusa waya, stima inaingia ardhini na waya unabaki urembo, fyeka chini yake kila wiki. Na ile mashine ya kupeleka stima kwa waya iwe ya betri na sola, usiitegemee stima ya nyumba, sababu stima ya huku hupotea Jumamosi jioni kama imepangwa. Mgeni atakwambia "lakini wanaonekana wapole." Mwambie kiboko anakimbia kilomita 30 kwa saa na hapendi kabisa kumkuta mtu amesimama kati yake na maji. Mwambie mara moja, usiongeze hadithi za kutisha, ukizidisha watoto hawataenda choo usiku na tunarudi kwa ile kesi ya nyuma ya hema.

Mimi ukiniuliza, kiboko ni afadhali. Kiboko ana ratiba. Shida yangu ni tumbili. Tumbili amejua zipu, amejua kifuniko cha kuzungusha, amejua sauti ya karatasi ya mkate. Kuna mama aliweka mkate mezani akageuka tu kuchukua siagi, kugeuka hivi tumbili yuko juu ya Prado na mkate mzima, ameketi, anatoa kipande kimoja kimoja kwa adabu zake. Baba wa watoto akaona atumie akili, akamrushia ndizi ili aachilie mkate. Sasa tumbili ana mkate na ana ndizi, na wenzake wanne wamesikia kuna mtu anagawa ndizi. Dawa ni moja, chakula kikae ndani ya gari na madirisha yafungwe mpaka juu, mapipa ya taka yawe na kifuniko cha kufunga kwa komeo, na usiruhusu mtu yeyote awalishe, hata yule mtoto mdogo mrembo anayelia. Mbega weupe na weusi walioko kwa miti hawana shida, wao wanakula majani yao huko juu, waache.

Kuhusu kusimamisha hema. Utaona baba amefika na hema mpya bado kwa mfuko, maelezo ameyatupa, fito zimebaki mbili na hajui za wapi, watoto wamekaa kwa mstari wanamwangalia. Usiende kumsaidia. Narudia, usiende, hiyo ni heshima ya mtu. Mtume kijana wako akamwambie "mkubwa, nimekuja kuangalia kama vigingi vyetu vimeshika, udongo wa hapa ni laini," halafu akiangalia vigingi ananyoosha na zile fito polepole wakiongea mambo ya mpira. Hema linasimama na baba amelisimamisha yeye. Kitu cha kuangalia wewe mwenyewe ni juu: mgunga huangusha matawi makavu bila upepo, kata yaliyokufa kabla ya msimu, na chini fagia miiba, inapenya ndala, inapenya godoro la hewa.

Stima ya wageni weka sehemu moja, banda la kuchajia simu, na uandike ni ya simu. Vinginevyo mtu atakuja na ekstensheni, kwa hiyo ekstensheni kuna ingine, mwisho wa safari kuna birika na lile jiko la stima la kukaangia bila mafuta. Amekuja porini kukaanga chipsi. Fyuzi ikiruka kambi nzima iko gizani na yeye ndo wa kwanza kuuliza "kwani hapa stima yenu ikoje?"

Kelele tayari ulisema saa nne kwenye meseji. Sheria ya kelele ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, iko tangu 2009, lakini usiende kumsomea mtu sheria akiwa na chupa mkononi. Panga watu mapema, wenye watoto wadogo karibu na choo, makundi ya vijana na chama za kina mama (usidharau, hao ndo wanacheza mpaka usiku) upande wa mbali. Ikifika saa nne usimtume kijana, atajibizana. Mtume mzee. Askari wetu wa usiku anaenda na fimbo yake na koti refu, anasalimia kila mtu kwa mkono mmoja mmoja, anauliza wametoka wapi, halafu anasema "sasa wanangu, kuna mtoto mchanga pale." Muziki unazima bila mtu kuaibika.

Duka dogo hapo kwa geti litakulisha kuliko hema. Watu watabeba mbuzi nusu, watabeba meza, watasahau chumvi. Weka chumvi, kiberiti, makaa, pampasi, maji, mishumaa, na visu vya kuazima ambavyo umepaka rangi nyekundu kwa mpini ili uvitambue vikielekea kwa buti la gari.

Wengi watataka kuenda Hell's Gate, ni karibu na ni mbuga unaweza kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Waamshe mapema jua lisiwapate. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku ndani ya mbuga tangu Juni 2020, kwa hivyo wajazie maji kwa chupa za kudumu. Na kama mawingu yamefunga usiwape moyo wa kushuka kwa korongo, maji huja ghafla kutoka juu hata kama hapo chini ni kukavu, 2012 na 2019 yalibeba watu. Askari wa KWS, lile shirika la wanyamapori, akisema leo hapana, ni hapana, na wewe usiwe yule wa kusema "nendeni tu haraka."

Pesa: M-Pesa mtu akikuonyesha skrinishoti, mwambie asante halafu angalia simu yako. Bei ya watoto usiweke ngumu, sababu utaletewa mtoto wa miaka mitano mwenye ndevu. Na wiki ya Safari Rally, ambayo imerudi kwa mashindano ya dunia tangu 2021 na Naivasha yote inajaa mpaka watu wanalala kwa magari, chagua moja, familia au wapenda rally, wote pamoja hawakai. Ukichagua rally, pesa yote mbele.

Jumapili saa tano tembea nao kwa nafasi yao kabla hawajawasha gari, hesabu vigingi vyako, hesabu blanketi, hesabu visu. Watabishana kuhusu takataka, wape mifuko na uwaonyeshe pipa. Wakishaenda utaokota soksi, chaja, sufuria za watu, na kiatu kimoja cha mtoto. Usikitupe, watapiga simu Jumanne.