Uvimbe kwa punda: pima joto kabla ya kushika wembe

Punda anayebeba mchanga, mawe na boriti katika vichochoro vya Lamu huota uvimbe kwa sababu nyingi, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Jipu lililoiva hupasuliwa. Ngiri ikipasuliwa, utumbo hutoka nje. Uvimbe wa sakoidi, yaani uvimbe wa ngozi, ukikatwa nusu, hurudi mkubwa kuliko ulivyokuwa. Wembe basi uwe wa mwisho, na uwe mkononi mwa daktari wa mifugo.

Anza na joto la mwili, asubuhi kabla ya kazi, kwani punda aliyetoka kubeba mzigo juani hupanda joto hata akiwa mzima. Thamomita ya duka la dawa inatosha. Ipake vaselini, simama ubavuni, wala si nyuma yake, uiingize kwenye njia ya haja kubwa ikigusa ukuta wa ndani. Ikizama kwenye kinyesi itakudanganya. Punda mzima ana wastani wa nyuzi 37.1, chini kidogo ya farasi. Akifika 38.5 ilhali amepumzika, ana homa.

Kisha papasa uvimbe, ukilinganisha na upande wa pili wa mwili. Ukiwa wa moto, unauma na katikati umelainika, huenda ni jipu. Ukibonyeza kwa kidole shimo likabaki, ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi. Yakionekana tumboni yanaweza kutokana na teke, minyoo mingi au moyo kudhoofika. Uvimbe wa kitovuni mwa kihongwe, yaani mtoto wa punda, unaorudi ndani ukisukumwa ni ngiri. Korodani za dume zikivimba ghafla huku akijigaragaza kwa maumivu, usingoje kesho. Na kuna mafuta tu: punda aliyenenepa huyaweka shingoni, mbavuni na matakoni kwa mabonge, nayo huwatisha wengi bure.

Tezi za chini ya taya zikivimba pamoja na homa na kamasi zito la usaha, shuku ugonjwa wa koo unaoletwa na bakteria wa Streptococcus equi. Huu ndio wa kuharakia, kwa sababu punda wetu huachiwa jioni wakanywa birika moja. Homa hutangulia: bakteria huanza kutoka puani siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo anayetenga punda siku ya kwanza ya homa huokoa wengine. Mtenge pamoja na mwenzake waliyezoeana, maana punda aliyetengwa peke yake huweza kususa chakula. Ndoo, kamba na shogi zao (matandiko ya kubebea mizigo) zisitumiwe na wengine kwa angalau wiki 3 baada ya dalili kwisha. Kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, husaidia jipu kuiva. Akianza kukoroma anapovuta pumzi, tezi zinabana njia ya hewa. Mwite daktari saa hiyo hiyo.

Sakoidi ni baridi, ngumu au yenye magamba, na hupenda pembezoni mwa macho, kinenani na ndani ya mapaja. Huhusishwa na virusi vya chunjua vya ng'ombe. Kuifunga uzi, kuichoma chuma au kuipaka maji ya betri huichokoza ikakua kwa kasi. Ikiwa ndogo, ipige picha kila mwezi na sarafu ya shilingi 20 kando yake. Ikikua au kutoa damu, usingoje mwezi mwingine.

Kidonda kisichopona, chenye nyama iliyoinuka na chembe za njano kama punje za mchele, kwa kawaida ni cha mabuu ya minyoo ya tumbo yanayoletwa na nzi. Dawa ni ivermektini, dawa ya minyoo, kipimo kikifuata uzito, lakini usipozoa kinyesi kila siku nzi watakirudisha.

Uvimbe wa mgongoni chini ya shogi hautibiwi kwa kuongeza tandiko. Tandiko jingine juu ya mahali palipovimba huzidisha mkandamizo. Mpumzishe mpaka uishe kabisa, kisha urekebishe shogi ili mzigo ukae pande mbili na uti wa mgongo usiguswe.

Ngozi ikipasuka, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Maji ya ufukweni karibu na gati yana taka, yaacheni. Oili chafu nayo huziba uchafu ndani. Punda hushikwa kirahisi na pepopunda, hivyo uliza kuhusu chanjo.

Vyovyote uvimbe ulivyo, punda aliyeacha kula ni dharura. Mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu yakaharibu ini, na jike mnene mwenye mimba ndiye aliye hatarini zaidi. Mpeleke kliniki ya punda ya mjini Lamu, iliyofunguliwa mwaka 1987, akiwa na mwenzake. Chukua maandishi ya joto la kila siku, tarehe uvimbe ulipoonekana, na majina ya dawa zote alizokwisha pewa, hata zile za kienyeji.