SOMO: Kupamba ukuta wa chumba cha kupanga kwa washi tepu bila kugombana na mwenye nyumba

Nimechoka kujibu inboksi, "dada, ule ukuta ulifanyaje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu. Kazi ni kuzungushia picha fremu ya washi tepu, yaani tepu ya karatasi yenye maua au mistari, moja kwa moja ukutani. Hakuna msumari wala kioo.

1. Nunua tepu ya karatasi kweli. Upana wa kawaida ni milimita 15. Ichane kwa mkono: ya karatasi inachanika na kuacha ncha yenye nyuzi, ya plastiki inavutika.

2. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu.

3. Jaribu rangi. Hii soma yote. Nyumba nyingi za kupanga zimepigwa chokaa, au rangi ya maji iliyozimuliwa mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, acha kabisa. Tepu itashika unga, na unga hauna uaminifu. Kikitoka kisafi, bandika kipande cha urefu wa kidole nyuma ya mlango, kaa nacho siku mbili ndipo ukitoe. Kubandika na kubandua papo hapo si kujaribu, maana gundi huzidi kushika kadiri siku zinavyokwenda, hasa ukuta ukipigwa na jua. Kisha geuza upande wa gundi uutazame kwenye mwanga. Ukiona chembe za rangi, hata mbili, achana na ukuta huo, pamba mlango au kabati. Ukuta wangu wa kwanza ulinigharimu ndoo ya rangi.

4. Weka alama kwa penseli, kidogo sana. Huna pima maji? Funga nati kwenye uzi uning'inize, hiyo ni timazi tosha.

5. Bandika bila kuvuta. Tepu iliyovutwa hujirudi, na kesho utakuta ncha zimenyanyuka. Kona kata kwa wembe juu ya kigae au kioo ndipo ubandike, usikatie ukutani.

6. Siku ya kuhama, ikunje ijirudie yenyewe, karibu ilale juu ya ukuta, uivute polepole. Ikigoma, ipashe kwa draya ya nywele.

MASWALI

Kapuku: Asante kwa somo. Vipi ukuta wa chokaa?
— Namba 3.

Kapuku: Nimeona ndefu nikaruka.
— Basi kaandae ndoo ya rangi.

MwanaMwanza: Roli bei gani, unatuma mkoani?
— Siuzi tepu.

FundiRangi: Umesahau kitu. Hata rangi ya mafuta inang'oka ikiwa mbichi. Kukauka juu si kukomaa.
— Sikusahau, nilidhani hakuna anayebandika kwenye rangi ya jana. Ila una haki, wapo. Wasubiri muda gani?

FundiRangi: Mimi nawaambia mwezi.
— Wadau, sikilizeni fundi.

binti_wa_pwani: Samahani dada, kwa nini hii inabanduka vizuri wakati selotepu inaacha gundi? Na nani alifikiria kupambia?
— Swali zuri, karibu sana. Gundi yake imetengenezwa iwe dhaifu makusudi, na chanzo ni tatizo letu hilihili. Marekani miaka ya 1920 magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni. Mafundi walifunika upande mmoja kwa karatasi, na wakiibandua inaondoka na rangi mbichi. Richard Drew wa kampuni ya 3M akawatengenezea tepu ya karatasi mwaka 1925. Hii ya mapambo ni ya Japani. Kampuni ya Kamoi Kakoshi ya Kurashiki ilianza mwaka 1923 na karatasi za kunasia nzi, baadaye ikawa inatengeneza tepu za mafundi. Mwaka 2006 wanawake watatu wakaomba kutembelea kiwanda, kwa sababu walikuwa wakizitumia kwa sanaa, wakataka rangi nyingi zaidi. Ndipo zikaja za kupendeza.

binti_wa_pwani: Kumbe nzi! Huku kwetu ncha zinanyanyuka wakati wa kusi, unyevu mwingi.
— Jaribu kuzungushia ncha mviringo kwa mkasi, kona kali ndiyo huanza kunyanyuka. Na usiweke ukuta unaopakana na bafu.

Mama Wawili: Mimi naandikia makopo ya viungo, jina na tarehe niliyosaga. Kopo likiisha natoa, naosha, naandika upya.
— Unaandika kwa kalamu gani? Yangu inafutika.

Mama Wawili: Maka peni, ile isiyotoka kwa maji. Kalamu ya wino wa kawaida inateleza. Na nyaya za chaja pia, kila mtoto na rangi yake, ugomvi umepungua.

Kapuku: Nimejaribu kiganja. Kimetoka cheupe.
— Pamba mlango.