Namna ya kuibeba timu ya chuo msimu mzima

Mimi ni meneja wa timu ya mpira wa miguu ya chuo chetu hapa Moshi, na haya nawaandikia wenzangu watakaokabidhiwa timu mwaka huu wa masomo. Kufundisha mpira ni kazi ya kocha. Yako ni kuhakikisha wachezaji wapo, ni wazima na wamekula, kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho.

Kabla hujaishika ratiba ya ligi, shika almanaki ya chuo. Andika kwenye karatasi moja wiki za tesiti, wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula), wiki ya sapu (mitihani ya marudio), na lini kila darasa linakwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo. Ukishamaliza, pachika mechi zako humo. Utaona mapema kwamba mwaka wa pili wakienda fildi huna mabeki, na kwamba mechi fulani imeangukia jioni ya kuamkia mtihani. Mechi ya namna hiyo iombee mabadiliko mwezi mmoja kabla, kwa barua. Ukisubiri wiki ile ile, wenyeji wako watakuwa wameshalipia uwanja na waamuzi, na watakuwa na haki ya kukukatalia.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia umsajili nani kutoka mwaka wa kwanza. Washambuliaji watang'ara siku ya majaribio, hao hutawakosa. Wewe tafuta namba zitakazobaki wazi. Majaribio yafanye wanafunzi wakishapata vyumba na kuzoea ratiba, tena kwa jioni mbili tofauti, maana kijana aliyetoka juzi kwenye basi la Singida hawezi kuonyesha mpira wake wote siku moja. Mimi humwangalia mchezaji anafanya nini akishapoteza mpira. Na makipa chukua wawili, hata kama wa kwanza ni hodari kiasi gani.

Hela: bajeti ipeleke kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi mapema, na michango yenu wenyewe ikusanye bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, siku mbili za mwanzo. Wapo wasio na mkopo. Hao waondoe kwenye orodha ya michango kimya kimya, wenzao hawana haja ya kujua. Nunua mipira kwanza, kisha sanduku la huduma ya kwanza, jezi mpya baadaye. Mpira uwe namba 5, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450.

Sehemu inayohitaji akili zaidi ni Machi hadi Mei, masika ikiwa imeshika. Uwanja unakuwa tope, vifundo vya miguu vinateguka, na tesiti nazo zinabisha hodi. Siku yenye madimbwi, ingieni ukumbini. Fanyeni mazoezi ya viungo, halafu kocha achore ubaoni nani anasimama wapi kwenye kona na faulo. Saa moja ya namna hiyo hulipa kuliko kuteleza jioni nzima.

Kupasha misuli msikuone ni mapambo. FIFA wana programu inayoitwa 11+: mazoezi 15 katika sehemu tatu, kama dakika 20 hivi, bila kifaa chochote zaidi ya mpira na koni. Kuna kukimbia taratibu, kuna ya nguvu na mizani, kisha mbio za kasi. Yakifanywa kwa ukamilifu angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha. Nasisitiza lile la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, ukajishusha mbele polepole. Wachezaji hulalamika linauma, lakini ndilo linaloimarisha misuli ya nyuma ya paja, inayochanika mtu anapokimbia kasi.

Aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, atoke na asirudi siku hiyo, hata akiapa kuwa yuko sawa, hata kama ni kapteni na mnaongozwa bao moja. Mpeleke hospitali, na usiku asilale chumbani peke yake. Hapa usijadiliane na mtu yeyote, kocha akiwemo.

Mechi za Arusha zina mambo yake. Ni kilomita 80 hivi, lakini Usa River na Tengeru magari hujaa, kwa hiyo Kosta iondoke asubuhi hata kama mechi ni saa kumi. Wachezaji wale chakula mechi ikiwa imebakiza saa tatu: wali au ndizi, mafuta kidogo, maji ya kutosha. Arusha ni juu zaidi ya Moshi na baridi yake huwashtua waliozoea joto letu, basi waongezeeni muda wa kupasha. Hesabu watu kabla ya kuondoka, kwani timu yenye wachezaji chini ya 7 hairuhusiwi kuanza mechi, na nimeona kikosi cha wenzetu kikingojea bodaboda huku mwamuzi ameshika saa.

Mechi ya mwisho ikiisha, kusanya jezi palepale uwanjani, namba kwa namba, kabla mtu hajapanda gari. Zifuliwe wiki hiyo hiyo, ziandikwe kwenye daftari pamoja na mipira na koni, na meneja anayefuata asaini mbele ya mlezi wa wanafunzi.